Ubao wa Nyuma wa Spika

Kipalapala, Tabora
Jumatatu, 28 Oktoba 1957

Kwa kaka yangu Damas,

Shikamoo kaka. Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikitumaini kwamba joto la Dar es Salaam limewaachia nafasi ya kupumua. Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Mashamba tumeshayasafisha, mvua bado. Mawingu yanapita kila alasiri yakielekea Igalula, nasi tunayaangalia tu. Josepha mke wangu anakusalimu sana na anasema ile khanga uliyomletea haijashuka cheo, bado ni ya kanisani. Mimi mwilini sina ugonjwa. Kinachoniuma nitakueleza humu, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi, tena peke yako.

Baba hali yake si nzuri. Tangu wiki ya pili ya mwezi huu kifua kimembana, anakohoa mpaka anashika ukuta, na chakula anachokula ni uji wa vijiko vichache ili Josepha asisikitike. Macho, kama ulivyomwacha, hayaoni tena hata mwanga wa mlangoni. Masikio yake lakini ni yale yale. Mtu akikanyaga jani nje anamtaja kwa jina. Jana baada ya Misa padre alikuja kumpaka mafuta matakatifu. Alipotoka aliniambia kwamba hali hii si ya kukata tamaa, ila si ya kuahirisha mambo.

Kaka, naogopa. Nakuandikia hivyo hivyo bila kulipamba neno. Nimemkosea baba, na kosa lenyewe limo ndani ya sanduku la spika uliyoniagiza nichague. Akifa kabla sijamwambia, nitamzika nikiwa mwongo, na kila nitakapopita kaburini kwake nitapita nikitazama upande mwingine. Jumamosi hii ni Siku ya Marehemu Wote. Unajua baba hufanya nini siku hiyo, na ndiyo sababu nakuandikia leo. Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho utaichana karatasi.

Unakumbuka mwaka jana ulipokuja likizo ulituletea redio ya betri aliyokuachia bwana wako wa kazini alipohama, na tulipoifungua tukakuta panya wa kwenye gari moshi wameitafuna spika yake mpaka imebaki tambara. Uliniambia nikatafute spika nyingine mjini, nisikimbilie ya kwanza kuiona. Ulisema hiki si kitu cha msimu mmoja, kitakaa katika nyumba ya baba mpaka wajukuu zetu wakikute. Mimi ni seremala, nalielewa agizo la namna hiyo. Nilikwenda kwa fundi Abbasi, yule mwenye kibanda nyuma ya soko, ambaye babu yake alifika Tabora na misafara ya pwani akaoa huku akasahau kurudi. Anatengeneza saa, cherehani, gramafoni, na siku hizi redio.

Abbasi alinionyesha tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya bati jekundu linalong'aa, na alipoiunganisha watu wa barabarani waligeuza shingo. Mimi nilikuwa nimeshaipenda. Yeye akanivutia kigoda, akanimiminia kahawa, akaiacha iseme. Kikombe cha pili hakijaisha masikio yalikuwa yamenichoka, wala sikujua kwa nini. Akacheka, akasema hii ni ya harusi. Siku ya kuinunua inakufurahisha, ukishaizoea ndipo inapoanza kukuudhi. Ya pili ilikuwa kubwa, imetoka kwenye ukumbi wa mikutano, na hiyo alisema ingenyonya betri za mzee wetu kabla habari hazijaisha.

Ya tatu haikuwa na sura. Chuma kizito na karatasi nyeusi iliyokunjwa mfano wa faneli, haina hata sanduku, imetoka nyumbani kwa Mgiriki mmoja aliyehama. Abbasi alinipa niibebe nione uzito wa sumaku yake. Aliniambia niibonyeze ile karatasi polepole kwa vidole vya mikono yote miwili, ikaingia na kurudi bila kukwaruza. Akanionyesha kwamba pembeni imeshikwa kwa ngozi laini, si kwa karatasi tupu, maana karatasi tupu haimalizi viangazi vitatu vya Tabora bila kupasuka. Halafu akaipunguza sauti mpaka karibu na kimya, akanigeuza nitazame ukuta. Kaka, nilisikia kila neno, na nilimsikia hata msomaji wa habari akimeza mate. Alisema watu hujaribu spika kwa kuipandisha, na nyumbani itasikilizwa ikiwa chini, na mzee mmoja, kwa miaka mingi. Basi ijaribiwe hivyo. Akanipa nikae nayo wiki moja nyumbani kwa baba kabla ya kuamua, kwa sababu chumba nacho kina maneno yake. Baada ya wiki hiyo nilirudi kumwambia kwamba tumeichukua.

Likabaki sanduku. Hapo ndipo shetani aliponikuta, tena akanikuta na randa mkononi. Abbasi alikuwa amenionya kwamba nusu ya sauti ni mbao. Nikatengeneza sanduku zuri la mninga nilioununua kwa wapasuaji wa Igalula, pembe zimeshikana hata wembe haupiti. Mwezi wa sita lilisema vizuri. Mwezi wa saba kiangazi kikalikausha, pembe zikaachana, na spika ikaanza kukoroma kila msomaji alipofika kwenye neno zito. Baba alisema yule bwana wa Dar es Salaam ana makamasi na apelekwe hospitali. Nikabandika gundi, nikakaza skrubu, akapona siku mbili, akarudia.

Nilimbebea Abbasi lile sanduku. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa, akasema mti huu bado una maji moyoni na utaendelea kujikunja miaka mingi. Alisema kama nataka sauti ambayo haitabadilika, nitafute mninga uliokaa mkavu si chini ya miaka kumi, ikiwezekana juu ya moshi, wala usiwe na kifundo cha tawi. Nilimjibu kwamba hakuna mbao za namna hiyo Tabora nzima. Nilimjibu hivyo nikijua zilipo. Nilizijua hata urefu wake.

Sasa umeshaelewa, kaka, lakini niache niseme mwenyewe. Mama alipofariki mwaka arobaini na sita, mvua ya wiki ile ilikata barabara na mbao hazikupatikana, tukamzika ndani ya mkeka. Baada ya matanga baba alikwenda mwenyewe msituni na wapasuaji, akachagua mti, akarudi na mbao sita, akaziweka darini juu ya jiko. Alituambia sisi wawili kwamba baba yenu mdogo Lukumani alibaki njiani katika pori la Mgunda Mkali bila hata jani la kufunikwa, mama yenu amelala kwenye mkeka, na yeye hatakubali kuwa wa tatu. Tangu hapo kila Siku ya Marehemu Wote nazishusha, tunazifuta masizi, tunazipaka mafuta ya nyonyo, na baba anazigonga moja moja akisikiliza. Wewe ulikuwa ukicheka ukisema mzee anazisalimia. Nne ni za ubavuni na za chini. Mbili pana kuliko zote, zisizo na kifundo hata kimoja, ni za kifuniko. Hizo alizichagua kwa sababu ndizo zitakazokuwa juu ya uso wake.

Nilichukua zile mbili.

Ilikuwa Jumapili mwezi wa nane, baba akiwa Misani na Josepha. Nilijiambia kwamba mzee ana nguvu bado, ana miaka kumi mbele, na katika miaka hiyo mbao mpya zitakuwa zimekauka kama hizi. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili yake huyo huyo. Kaka, mtu akitaka kuiba kwa mzazi wake hakosi sababu nzuri. Niliweka mahali pake mbao mbili mpya za kipimo kile kile. Na hapa ndipo ninapoona haya kuliko pote: nilizipaka masizi na kuzifukiza majani mabichi siku nzima ili ziwe na rangi ya zile za zamani. Nilikuwa namdanganya kwa rangi mtu asiyeona. Josepha aliporudi aliona masizi kwenye mikono yangu, akaangalia darini, akaniuliza kama nina akili zangu. Nikamwambia anyamaze. Amenyamaza mpaka leo, ila tangu siku ile hanipi chakula akiwa ananitazama.

Sanduku lilitoka zuri. Sijawahi kutengeneza kitu kama kile na sidhani nitatengeneza tena. Mbao zilikuwa nyepesi, zinalia kabla hujazigusa, na nilipozikata harufu yake ilikuwa ya jiko letu la utotoni. Niliitia spika ndani, nikafunga ubao wa nyuma kwa skrubu nane, nikaliweka karibu na kitanda cha baba, nikafungulia matangazo ya mchana. Sauti ilitoka tulivu na nene, mtu yule wa Dar es Salaam akawa amekaa nasi chumbani. Baba alikuwa anatafuna karanga. Aliacha kutafuna. Akanyoosha mkono mpaka akaligusa sanduku, akaweka kiganja chake juu yake, akakaa hivyo mpaka habari zikaisha. Kisha akaligonga mara moja kwa kifundo cha kidole. Akaniuliza ni mti gani. Nikamwambia ni mninga, nimeupata kwa mtu mmoja wa Isikizya. Akasema, "Aha."

Ile aha, kaka, nimeishi nayo miezi miwili. Nikiwa kazini naisikia. Sijui kama ilikuwa ya mtu aliyeridhika na jibu au ya mtu aliyemshika mwizi na kuamua kumwacha kwanza. Tangu siku ile baba hataki redio izimwe mchana maadamu kuna matangazo. Wakati wote tukiwa shambani yeye hukaa peke yake na mkono juu ya sanduku. Nikirudi namkuta hivyo, nadhani leo ataniuliza. Mwanzoni mwa mwezi huu walitangaza kwamba Warusi wamerusha angani kitu kinachozunguka dunia kikilia peke yake, na watu wenye mitambo wanakisikia. Baba alinishika mkono akaniuliza kama kuna mtu ndani yake. Nikasema hakuna, ni chombo tu. Akauliza mara ya pili kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akapumua, akasema afadhali. Sikuelewa kwa nini jambo hilo limemgusa hivyo, na kwa kuwa nina hatia nilidhani hata hilo linanihusu mimi.

Kisha kikaja hiki kifua. Alipoanza kukohoa nilianza kuhesabu siku. Mbao nne kavu na mbili mbichi haziwezi kukaa pamoja. Kifuniko kitajikunja kabla hatujafika kaburini, na kijiji kizima kitaona kwamba seremala amemfunika baba yake kwa mbao za jana. Lakini hilo ni la watu. Linaloniogopesha zaidi ni Jumamosi. Ataagiza zishushwe, atazigonga, na atafika kwenye zile mbili. Jana nilimwungamia padre. Hakunigombeza. Aliniambia Mungu ameshasikia, lakini aliyeibiwa ana masikio yake mwenyewe, basi nimwambie kabla ya Jumamosi. Leo asubuhi nimeingia mara mbili. Mara ya kwanza nilimuuliza kama anataka maji. Mara ya pili nikamuuliza tena kama anataka maji. Akasema nimekuwa mchota maji lini.

Nakuandikia ili angalau mtu mmoja wa damu yangu ajue. Naomba unishauri, ingawa najua ushauri wako utafika baada ya Jumamosi. Naiacha kalamu hapa. Josepha ananiita, anasema baba ananitaka, na sauti yake anavyoniita siipendi.

Jumatano, 30 Oktoba

Kaka, naendelea. Nilitaka kuitupa ile karatasi ya juzi niandike upya, nikaona ni kurudia tabia ile ile ya kupaka masizi. Basi umeipata kama ilivyo.

Juzi nilipoingia baba alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima, amevaa shati lake la Pasaka. Kumbe alimwomba Josepha amvalishe. Redio ilikuwa imezimwa kwa amri yake. Aliniambia nizishushe mbao. Nikamwambia baba, Siku ya Marehemu ni Jumamosi. Akasema yeye hana mkataba na Jumamosi.

Nilipanda darini. Nilizishusha zote sita, nikazipanga chini mbele yake, zile mbili za uongo nikaziweka mwisho kama mtoto anayeficha kiazi kibaya chini ya kapu. Nilitamani paa lianguke. Baba akainama akaanza kuzigonga, na Josepha akasimama mlangoni ameshika mdomo. Ya kwanza ililia vizuri. Ya pili, ya tatu, ya nne. Alipofika ya tano akaigonga, na hata mimi nilisikia ule mlio wa tope. Hakuigonga ya sita. Aliiwekea kiganja tu, akakaa. Nikapiga magoti. Nilimwambia yote, kaka, mpaka majani niliyoyafukizia. Sijui nililia kwa muda gani, najua tu kwamba shati lake la Pasaka lililowa begani.

Aliponijibu alijibu kwa Kinyamwezi, taratibu, akipumzika katikati ya maneno kwa sababu ya kifua. Alisema alijua siku ile ile. Alisema mbao ambazo amezigonga miaka kumi na moja haziwezi kuanza kusema chumbani mwake asizitambue, na kwamba nilipotaja mtu wa Isikizya alikaribia kucheka. Kuhusu wizi alisema ameshausamehe siku nyingi. Kilichomuuma ni kwamba nimezifukiza. Alisema, "Kornel, umenifanya kipofu mara mbili." Hilo neno nitalichukua mpaka siku yangu.

Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza miezi yote hiyo akiniacha nikauke. Akamwomba Josepha aketi naye asikie, na akasema nikuandikie wewe pia, kwa sababu hajamwambia mtu yeyote, hata mama.

Unajua alivyotuambia kwamba baba mdogo Lukumani alikufa njiani Mgunda Mkali, wakati wao wawili wakiwa wapagazi wa pembe kwenda pwani. Hakufa, kaka. Aliachwa. Alikuwa na kidonda kilichokula mguu, akaanguka jua likiwa utosini, na mkuu wa msafara akaamuru jino la tembo lihamie bega la mtu mwingine. Ndivyo walivyofanya siku hizo. Mzigo haukuachwa, mtu aliachwa. Walimlaza kando ya njia. Baba alitaka kubaki naye, wakampiga kwa fimbo akasimama akaungana na mstari. Lukumani akaanza kumwita kwa jina lake, "Lugembe, Lugembe," si kwa hasira, kama mtu anayemwita mwenzake aliyesahau kitu. Baba alitembea akisikia akiitwa mpaka njia ilipokata kilima. Hakugeuka. Alisema kama angegeuka asingeweza kuendelea.

Na tangu siku ile, kaka, miaka sitini, kila jua linapofika utosini na watu wote wako shambani na kijiji kimenyamaza, anamsikia akimwita. Alipokuwa anaona alikimbilia kazi: jembe, shoka, mizinga ya nyuki. Unakumbuka tulivyomshangaa kwamba hapumziki mchana kama wazee wenzake. Macho yalipokufa hakuwa na pa kukimbilia tena. Alikaa chumbani mchana kutwa anaitwa. Sisi tulikuwa tunarudi tunamkuta analia, tukadhani ni ule ugonjwa wa macho.

Siku niliyofungulia spika ndani ya mbao zake, ile sauti ilipotoka, Lukumani alinyamaza. Baba alisema haikuwahi kutokea hivyo. Lile sanduku la kwanza lilikuwa linakoroma, na kati ya mkoromo na mkoromo alikuwa bado anamsikia. Katika hili hakuna nafasi. Ndipo alipokuwa na hofu, kaka. Baba naye alikuwa anaogopa, tena alikuwa ananiogopa mimi. Alisema ananijua, nina moyo wa maji. Akiniambia kwamba anajua, jioni hiyo hiyo ningeichukua bisibisi nikalivunja sanduku nimrudishie mbao zake, na kesho yake jua lingemkuta peke yake. Basi alikuwa amekaa pale kila siku na kiganja juu ya kifuniko cha jeneza lake, anapima lipi analitaka zaidi, kulala vizuri siku atakapokufa au kunyamaziwa siku alizobaki nazo. Na kila nilipoingia na uso wangu wa hatia, ambao anasema anausikia kwenye nyayo zangu, aliomba Mungu nisifungue mdomo.

Josepha ndiye aliyeinuka akaifungua redio.

Baba ameshaamua, na amenituma nikuandikie ili usije ukabisha. Siku yake ikifika, sanduku lisivunjwe. Nifungue ubao wa nyuma peke yake, zile skrubu nane, niuweke ndani ya jeneza juu ya uso wake na kifua, chini ya kifuniko cha mbao mpya. Kifuniko kikijikunja na kijikunje, yeye chini yake atakuwa na kilicho chake. Pale nyuma ya spika nipigilie ubao mbichi. Nilimwambia kwamba nikitia ubao mbichi spika itakoroma tena. Akasema ikorome, wakati huo hatakuwepo wa kusumbuliwa. Ametaka bisibisi iwekwe kwenye rafu juu ya kitanda chake, na imewekwa. Kila nikiingia naiona.

Kwa hiyo usidhani hofu imeniondoka. Imehama chumba tu. Kifua chake leo si kizuri kuliko juzi, na zile betri ulizotuletea zimeanza kuchoka. Sauti inafifia kuelekea mwisho wa habari, na ikififia namwona baba anageuza kichwa upande wa mlango kama mtu anayesikiliza kitu mbali. Wahindi wa mjini wameishiwa, wanasema mzigo uko njiani. Nakusihi kaka, omba ruhusa kazini, njoo na betri mpya, na uje mwenyewe. Sitaki zimalizike kabla yake. Ndilo ombi langu kubwa katika barua hii yote, na kama una hasira na mimi zibebe uje nazo, nitazipokea.

Baba anakubariki wewe na watoto kwa majina yao yote, na anamwambia shemeji asante kwa blanketi. Fundi Abbasi anakusalimu; nimemweleza mambo yote, akasema angejua ni mbao za nani angenifukuza kibandani, kisha akaniuliza zinaliaje. Josepha anakusalimu, na jana aliniletea chakula akanitazama.

Jambo la mwisho. Ukishuka kituoni usitume mtu mbele kutangaza kwamba umefika. Njoo kwa mguu, na ukifika kwenye ua wa minyaa simama kwanza. Nitakuwa nimeifungua redio. Kama msomaji anasema kwa sauti safi, ingia mbio ukamsalimu baba. Kama anakoroma, weka mizigo chini, vua kofia, uingie polepole.

Ni mimi mdogo wako akuheshimuye,

Kornel Lugembe